Kijiko kidogo kinatetemeka: mauntingi, nozeli au kapulingi? Na ukishajua, raba ipi ununue

Wenye mini ekskaveta wengi wakiona mashine inatetemeka swali la kwanza ni moja tu, "mauntingi za hii ni shilingi ngapi?", yaani zile raba zinazobeba injini. Na muuza spea hawezi kukuuliza kama una uhakika, yeye anakupa bei tu. Unanunua raba 4, fundi anafunga siku nzima, unawasha, kiti bado kinakutikisa vilevile. Hapo hela imeshaenda na tatizo liko palepale, maana tatizo lilikuwa nozeli, kile kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda, tangu mwanzo. Kwa hiyo ulinganisho wangu una sehemu mbili, kwanza tulinganishe mitetemo yenyewe ili ujue yako ni ipi, halafu ndo tulinganishe raba zilizopo sokoni kwa wale ambao kweli raba zao zimekufa.

Naongelea vijiko vya chini ya tani 6, kina Kubota, Yanmar, Komatsu na Hitachi, ambavyo vingi vinashuka bandarini Dar na Mombasa vikiwa mtumba wa Japani. Vile vidogo mara nyingi vina injini ya silinda 3, mfano Kubota D902 ya cc 898 au D1105 ya cc 1,123, au Yanmar 3TNV88 ambayo ile 3 ya mwanzo ndo idadi ya silinda. Vikubwa kidogo vina silinda 4 kama V2607 na 4TNV88. Sasa jua jambo moja mapema, injini ya silinda 3 kutikisika kidogo ni maumbile yake, pistoni zinapopanda na kushuka zinaipeleka injini mbele na nyuma kama inayumba kwa urefu wake, na hata ikiwa mpya kabisa haitatulia kama silinda 4. Ukitoka kuendesha kijiko cha tani 5 ukapanda cha tani moja na nusu usianze kufungua bolti kwa sababu tu umehisi tofauti.

Hesabu fupi ambayo inakuokolea hela

Nivumilie hapa kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lote. Injini ya fostroki kila silinda inapiga moto mara moja kwa kila mizunguko 2. Chukua silinda 3 ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka polepole bila kazi, tuseme RPM 1,200 (mizunguko kwa dakika), hiyo ni mizunguko 20 kwa sekunde, kwa hiyo inapiga moto mara 30 kwa sekunde. Ukipandisha mpaka 2,200 inapiga mara 55 kwa sekunde. Huo ni mtetemo wa haraka, mkono unausikia kama mvumo tu. Lakini silinda moja ikimisi, yaani isipopiga moto, pengo lake linajirudia mara moja kila mizunguko 2, yaani mara 10 kwa sekunde pale pale kwenye 1,200. Huo ni mtikisiko wa polepole na mzito, unaona kabisa kwa macho injini inaruka.

Sasa raba nayo ina namba yake. Injini ikiwa imekaa juu ya raba ukiisukuma na kuiachia inataka kucheza kwa kasi yake yenyewe, na raba inaanza kuzuia mtetemo pale tu mtetemo unapozidi kasi hiyo kama mara 1.4 hivi. Chini ya hapo haizuii kitu, na ukikaribia kabisa kasi yake inaongeza badala ya kupunguza. Tuseme raba nzima zinaifanya injini yako icheze mara 12 kwa sekunde, mpaka wake unakuwa kama 17. Ile 30 ya kawaida iko juu ya mpaka, inazuiwa vizuri. Ile 10 ya silinda inayomisi iko chini, inapita moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha opareta. Ndo maana raba mpya, hata orijino, haiwezi kuponya injini inayomisi, haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Na upande wa pili, raba ikizeeka ikawa ngumu mara 4, ile namba yake inadabo, kutoka 12 inakuwa 24, mpaka unapanda kufika 34. Sasa ile 30 ya sailensi imeingia ndani ya mpaka, kwa hiyo mashine inatetemeka vibaya ikiwa sailensi halafu ukipandisha RPM inatulia. Hiyo ndo alama kubwa ya raba iliyokauka, na ndo hukumu ya raba za kukata tairi, tutafika huko.

Watuhumiwa watatu wakubwa, waweke pamoja

Anza na masikio kwenye ekzosi. Injini inayomisi mlio wake una pengo, "tu-tu-_, tu-tu-_", moshi unatoka kwa vipande, mweupe kama mafuta hayaungui au mweusi kama nozeli inamwaga, na ukiipa kazi inakosa nguvu. Injini yenye mauntingi mbovu mlio wake ni mzuri kabisa, umenyooka, moshi hakuna, nguvu ipo, ila bodi, vioo na kofia ya injini vinapiga kelele, na ukizima inadunda mara moja kwa kishindo kabla haijasimama. Kapulingi, kiungo cha kati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) na pampu ya haidroli, yenyewe ina kelele ya kugongagonga, kra-kra-kra, inasikika zaidi sailensi na wakati wa kuzima, na ukishika lever kuinua boom (mkono mkubwa wa kijiko) kelele inabadilika, mara nyingi inapungua kwa sababu mzigo umezibana zile sehemu zilizolegea.

Kuthibitisha injini inayomisi kwenye pampu ya mafuta ya kizamani, ile isiyo na kompyuta, fundi analegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja injini ikiwa sailensi, tambara limefunika na miwani machoni. Silinda nzima ukiilegeza injini inashuka mlio na kutikisika zaidi, silinda iliyokufa hakuna kinachobadilika. Hapo umeshampata. Usikimbilie kununua nozeli, kwanza zihamishe, ya silinda mbovu ipeleke kwa nzuri, tatizo likihama na nozeli basi ni nozeli, likibaki palepale pima kompresheni na valvu. LAKINI kama mashine yako ni komoni reli, yaani mfumo wa mafuta wa kompyuta, zile V2607 zenye CR kwenye jina na wenzake, usilegeze nati yoyote, mle presha inapita bar 1,000 na mafuta yanaweza kupenya ngozi yakaingia mwilini, na mtu akipenyezwa hivyo ni hospitali haraka hata kama kidonda ni tundu la sindano tu. Hizo wanapima kwa mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya injini au kwa kulinganisha mafuta yanayorudi kutoka kila injekta.

Kuthibitisha mauntingi ni rahisi na haina gharama. Shusha boom chini, washa, weka kiganja kimoja kwenye breketi ya injini juu ya raba na kingine kwenye chasisi chini ya raba hiyohiyo, mbali na feni, beliti na ekzosi. Juu panatakiwa patetemeke, chini pawe pametulia. Ukihisi juu na chini ni sawasawa raba haizuii chochote. Zunguka zote 4, maana mara nyingi moja ndo mbovu zaidi, na ni ile ya upande inakovuja oili. Halafu zima, ingiza mtaimbo chini ya breketi uinue kidogo kidogo, ukiona raba imeachana na chuma, imepasuka au injini inainuka bure bila kubana, umemaliza uchunguzi. Raba iliyolowa oili ukiibonyeza kucha inazama kama maandazi, hiyo imekufa hata kama haina ufa.

Kapulingi sasa. Mashine nyingi zina kidirisha au tundu la uingizaji hewa kwenye nyumba ya flaiwili, ingiza tochi. Ukikuta unga mweusi wa raba au vipande vya nailoni vilivyolika, jibu unalo. Hapa usisubiri, kwa sababu mauntingi mbovu inakuchosha tu kwa miezi, kapulingi ikikatika kijiko kinasimama hapohapo kazini na mara nyingine inakula meno ya shafti ya pampu, na pampu ndo kifaa ghali kuliko vyote tunavyoongea hapa.

Wengine wadogo niwapitie haraka. Feni iliyovunjika jani moja au puli iliyopinda mtetemo wake unakua kadri unavyopandisha RPM, hautulii juu kama wa raba iliyokauka, toa beliti washa sekunde chache tu usikilize, usikae muda maana maji hayazunguki. Mtetemo unaokuja ukishika lever tu huo ni wa haidroli, angalia oili ya haidroli, hewa inayoingia upande wa kunyonya, au paipu inayogusa chasisi, na hii ya paipu watu wanaidharau sana, paipu moja ya haidroli ikilalia chuma inapitisha mtetemo wote na kuzifanya raba nzuri zionekane mbovu. Kibano cha ekzosi kikilegea ni hivyohivyo.

Kuna wanaotumia programu ya simu ya kupima mtetemo. Inasaidia kwa kulinganisha kabla na baada. Kuanzia Android 12 programu ya kawaida inasoma sensa isiyozidi mara 200 kwa sekunde, maana yake unaweza kuamini mitetemo mpaka 100 kwa sekunde hivi, na hiyo inatosha kuona ile 10 ya kumisi na ile 30 ya kawaida. Kilele kikiwa kwenye 10 ukiwa RPM 1,200, nenda kwa fundi pampu, usiende duka la raba.

Umethibitisha ni raba, sasa ununue ipi

Orijino faida yake kubwa watu wanaidhani ni kudumu, mimi nasema ni ugumu sahihi kwa kila kona. Raba za upande wa pampu na za upande wa feni mara nyingi hazilingani ugumu hata kama kwa macho ni pacha, kwa sababu uzito wa pande hizo haulingani. Orijino inakuja na namba ya spea kwa kila kona na sahani yake ya chini inayozuia injini isiruke. Ubaya ni bei na kusubiri, na kwa mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani namba zinaweza kutofautiana na za mashine ya eksport yenye jina lilelile, kwa hiyo agiza kwa namba ya mashine na namba ya injini kutoka kwenye kibati, usiagize kwa jina la modeli peke yake.

Za kopi zenye kiwango ziko nyingi na zingine ni nzuri kweli. Ninachotaka kuona ni ugumu umeandikwa, kipimo kinaitwa Shore A, raba za injini nyingi zinaangukia kati ya 40 na 70. Kama ya zamani imeandikwa 50 usichukue 65 kwa kuambiwa "hii ni ngumu zaidi italast", ugumu ndo ugonjwa. Pima urefu wake, upana wa tundu na uzi wa bolti, angalia mahali raba inaposhikana na chuma, pasiwe na mwanya wala gundi iliyomwagika. Kuna kidude kidogo cha kupima Shore A, sio ghali, kama una mashine zaidi ya mbili nunua.

Za kopi zisizo na maandishi yoyote, zile unazotolewa kwenye mfuko wa nailoni, ni bahati nasibu. Gerezani kule Dar au Kirinyaga Road kule Nairobi utazikuta na za kiwango kwenye shelfu moja, na muuzaji mzuri mwenyewe atakwambia tofauti ukimuuliza vizuri.

Mtumba kwa raba siushauri kabisa. Injini ya mtumba sawa, pampu ya mtumba sawa ukiipima, lakini raba inazeeka hata ikiwa imekaa stoo, inakauka na jua, joto na hewa. Unanunua miaka ya mtu mwingine.

Halafu kuna raba za kukata, tairi au mkanda wa konveya, vipande viwili vitatu vimebanwa na bolti ndefu katikati. Naelewa kwanini zinafanyika, mashine iko porini, kazi ina tarehe, mwenye mradi anapiga simu. Kwa kuitoa mashine saiti mpaka gereji zinakubalika. Lakini tairi lina nyuzi au waya ndani, likibanwa ni gumu kupita raba ya injini, na ile bolti inagusa chuma juu na chini ikipitisha mtetemo bila hata kupita kwenye raba. Rudi kwenye ile hesabu, umepandisha mpaka juu ya 30, sailensi inakuwa mateso, na baada ya muda breketi ya rejeta inakatika, ekzosi inapasuka, nyaya zinachubuka, na kila kimoja unakitengeneza kivyake bila kujua chanzo ni kimoja.

PU (poliyurethani), zile za plastiki ngumu za rangi ya njano au nyekundu wanazomimina kwa moldi, zina wapenzi wake kwa sababu haziliwi na oili haraka. Kwa bushi za kwingine poa, kwa injini ya kijiko kidogo nyingi ni ngumu mno. Kama sababu yako ni kuvuja kwa oili, ziba uvujaji, sili ni rahisi kuliko seti ya mauntingi.

Nikipanga kwa upendeleo wangu, orijino kama mashine inakaa na wewe miaka, kopi yenye Shore iliyoandikwa kama ni ya kukodisha na unataka hela irudi, nyingine zote ni za dharura. Na iwe ipi, badilisha zote 4 pamoja. Raba moja mpya kati ya tatu zilizokauka inabeba mzigo usio wake na injini inakaa imeegama, hapo kapulingi nayo inaanza kuumia.

Kufunga

Raba nzuri ikifungwa vibaya hakuna ulichofanya. Injini iinuliwe kwa cheni bloku kwenye makulabu yake, sio kwa jeki chini ya oilpani, oilpani inabonyea na kuziba njia ya kunyonya oili. Bolti zote ziingie zikiwa zimelegea, shusha injini ikae kwa uzito wake, itikise, ndo ukaze kwa torki spana kwa kipimo cha kitabu cha mashine hiyo. Ukikaza kona moja kabla nyingine haijakaa umeisokota raba, itapasuka mapema. Usipake grisi. Na ekzosi ilegezwe kabla, ikazwe mwisho kabisa, isije ikawa ndo inaivuta injini upande.

Zisife tena

Adui namba moja wa raba huku kwetu ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Injini inang'aa kweli, lakini raba asilia inakunywa dizeli na kuvimba, unaiua kwa mikono yako. Sabuni na maji, basi.

Dizeli nayo ndo inaamua kama silinda itamisi. Tanzania EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, ila maji kwenye dumu lako la saiti hayazuiliwi na kinasaba. Mwaga maji kwenye kikombe cha filta kila asubuhi kabla ya kuwasha, jaza tenki jioni ili usiku unyevu usigande kwenye kuta za tenki tupu, na filta ibadilishwe kwa masaa ya kitabu, usingoje injini ikose nguvu.

Sailensi usiishushe chini ya ya kitabu kwa kutaka kubana mafuta, unaileta ile 30 karibu na mpaka wa raba kwa mikono yako mwenyewe. Na kama kijiko kinafanya kazi ya breka ya kuvunja mawe, raba na bolti zake zikaguliwe mara mbili zaidi ya kijiko kinachochimba udongo, breka inakula kila kilichofungwa kwa bolti kwenye mashine hiyo.

Opareta pia ni sehemu ya hesabu hii. Umoja wa Ulaya kwa sheria yao ya 2002 waliweka mtetemo wa mwili mzima kwa siku ya masaa 8 kuwa ukifika 0.5 m/s² mwajiri lazima achukue hatua, na 1.15 ni mwisho, hakuna kuzidi. Kwa hiyo kijana anayekaa kwenye kiti hicho kuanzia asubuhi mpaka magharibi akisema mgongo unauma usimwambie azoee, muulize unauma zaidi kwenye sailensi au ukipandisha RPM, jibu lake litakuonyesha uanze kufungua wapi.

Na kama bado hujanunua kijiko, unakiangalia tu yadi, sisitiza uwashe ikiwa ya baridi kabisa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika rudi kesho. Sikiliza ekzosi dakika ya kwanza, weka viganja juu na chini ya raba, ingiza tochi kwenye nyumba ya flaiwili, zima uone inavyodunda. Ukikuta raba za tairi zimefungwa ndani fungua macho zaidi kwenye breketi ya rejeta na shingo ya ekzosi, na hesabu ya kuzirekebisha ikatwe kwenye bei kabla hujatoa hela.